Kitambaa Kwenye Pampu ya Mafuta

Kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa, na dumu la maji lilikuwa limesahauliwa nyumbani, nyuma ya mlango. Mzee Taratibu alikigusa mara mbili, maana macho ya mtu wa miaka sitini na mitano ni waongo wakubwa. Kilikuwa kimefungwa, na si kwa mkono wake, kwenye pampu ya mafuta ya lori lililomgomea pale juu mlimani, kwa fundo la mizunguko mitatu, na maji yalikuwa bado yanadondoka.

Lori lake lilikuwa la petroli, la enzi hizo, na ugonjwa wake ulijulikana. Asubuhi liliwaka kwa mguso mmoja. Lakini likishapanda mlima na mzigo wa mawe, ukalizima pale juu lipumzike, utazungusha ufunguo mpaka betri ilie. Bomba la mafuta lilipita karibu mno na ekzosi, bomba la moshi lenye moto, petroli ikachemkia humo humo kabla ya kufika kwenye kabureta. Mke wa mzee alipokuwa hai ndiye aliyekuwa daktari wa lori hilo. Miaka ishirini walisafiri pamoja. Lori likigoma, mama huyo aliteremka, akalowesha kitambaa, akakifunga kwenye pampu kama anayemkanda mtoto.

"Mwenzio ana homa, unamkimbiza wapi?" alikuwa akimtania mumewe. Kisha, nyuma ya boneti iliyoinuliwa, "Bado... bado... haya, washa."

Sasa ilikuwa miezi saba tangu wamzike. Mzee alikula amesimama jikoni, akalala na redio ikisema, na siku nzima ikapita hajasikia mtu akimwita.

"Haya, washa," ikasema sauti ya mkewe nyuma ya boneti, mzee alipogeukia mlango wa lori.

Mwingine angetimua mbio. Yeye alipanda, akazungusha ufunguo, lori likawaka, naye akalia kwa furaha mpaka miwani ikaingia ukungu.

Kuanzia hapo dumu alilisahau kwa makusudi. Kila adhuhuri, jua la utosi, alizima lori pale juu na kusubiri. Alisimulia habari za wajukuu, za paa linalovuja, za goti lake. Sauti haikujibu neno zaidi ya yale yale, lakini yalimtosha.

Siku moja alitamani kuona japo miguu ya mkewe. Akateremka polepole, akapiga magoti, akachungulia chini ya bampa, na pale ambapo mtu alipaswa kuwa amesimama hapakuwa na miguu wala kivuli, palikuwa na matone yaliyodondoka moja baada ya jingine kwenye vumbi na vumbi lisilowe, na harufu ya udongo wa chini kabisa, ule unaotolewa mwisho kaburi linapochimbwa, na sauti juu yake ikisema taratibu, kama haijui kwamba anachungulia, bado, bado, bado.

Jumapili binti yake alipompa chai, vidole vyao viligusana.

"Baba! Mbona mikono ya baridi hivi? Umeshika barafu?"

Hakuweza kumficha. Alimweleza yote kwa kunong'ona, akiangalia mlangoni. Kesho yake binti alimburuta mpaka gereji kwa Mama Spana, fundi aliyeheshimiwa na madereva wote kwa mikono yake na kuogopwa kwa mdomo wake.

Mama Spana hakucheka.

"Marehemu hana kazi ya gereji, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni jini wa mchana. Amekuona mpweke, akajipatia kazi. Kila anapolipoza lori, na wewe anakupoza."

"Tumtafute mganga?" binti aliuliza.

"Ubovu ndio unaomwita. Tuutoe, tuone atashika nini."

Alilihamisha bomba mbali na ekzosi, akafunga bati katikati la kuzuia joto, akaweka pampu mpya. Akaliacha lori lingurume mpaka likawa moto, akazima, akasubiri robo saa. Liliwaka mara moja.

"Usizime tena pale juu," alimwambia. "Unanisikia? Hata iweje."

Kesho yake mzee alipita pale bila kusimama. Nyuma yake ile sauti iliita, bado, bado, ikizidi kuwa ndogo, mpaka ikapotea. Alipona. Mikono ilipata joto. Kwa siku kumi na tisa lori liliwaka kila alipotaka, na hakuna aliyemwambia awashe.

Siku ya ishirini alizima pale juu. Akajaribu, likawaka. Lori zima kabisa, shenzi hili. Akalizima tena, akatoa spana, akafungua bati, akaweka nati kwenye kofia zisipotee, akalikunja bomba kuelekea ekzosi kwa mikono mitupu, na lilipomuunguza alifurahi. Akasubiri. Akazungusha ufunguo. Lori likagoma.

"Mke wangu," aliita, akicheka na kulia. "Mwenzio ana homa."

"Bado," ilijibu sauti. Safari hii haikutoka nyuma ya boneti. Ilitoka kwenye kiti cha pembeni yake.

Binti yake na Mama Spana walimkuta alasiri. Madereva waliopita walisema lori lilikuwa kimya tangu adhuhuri, lakini Mama Spana alipoigusa injini aliurudisha mkono haraka, ilikuwa moto kama imezimwa sasa hivi. Pampu ilikuwa kavu. Mzee alikaa nyuma ya usukani, ametabasamu, baridi mwili mzima. Kitambaa kilikuwa kifuani pake, juu ya moyo, kimefungwa kwa fundo la mizunguko mitatu, kinadondosha maji.

Binti, huku machozi yakimtoka, alinyoosha mkono akifungue.

"Bado, mwanangu," ikasema sauti ya mama yake, karibu kabisa na sikio.

Mkono wake ukasimama hapo hapo. Miezi yote ile naye alikuwa hajasikia mtu akimwita mwanangu.