Akaunti ya Marehemu Haikufungwa

Haya sikusimuliwa. Yalimkuta shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na mimi nilikuwepo, mapokezi, natazama kwa macho yangu. Kama wewe ni mtu wa kumhurumia kila mtu, huruma yako iweke mfukoni kwanza, maana jamaa alikuwa mtu mzima hovyo.

Kazi yake ilikuwa kusimamia kompyuta za ofisi. Zote zilikuwa zimeunganishwa, kila mtu ana akaunti yake na neno lake la siri, na yeye peke yake alikuwa na neno la msimamizi, lile linalofungua akaunti zote. Basi akaota mapembe. Asubuhi anasoma barua za watu, saa saba anatuhadithia mezani: nani anaomba uhamisho kwa siri, nani anahangaika kutafuta mtoto. Anacheka mpaka mate yanaruka. Na sisi, mashujaa wa kunywa chai, tulicheka naye.

Kulikuwa na binti mmoja mchapaji. Shemeji alimtaka, binti akamwambia ng'o. Jumatatu moja, saa nne asubuhi, shemeji akaja kuegemea meza yangu akaninong'oneza, "Yule anayejiona malkia, saa sita atakuwa analia." Saa sita haijafika, barua ya matusi ikamfikia meneja, imetoka kwenye akaunti ya yule binti. Akaitwa, akafukuzwa kazi. Alipotoka alisimama mbele yangu na mkoba wake, machozi yanamchuruzika.

"Dada, si mimi. Haki ya Mungu, si mimi."

Nilijua si yeye. Nikatazama kucha zangu. Ningesema, dada yangu angebaki na mume asiye na kazi na aibu ya mtaa mzima.

Aliyesema ni Bibi Masjala. Mama mtu mzima, mwaka wa ishirini na sita anatunza mafaili, kidoleni pete iliyomlegea ikigonga vitufe kila anapochapa: tak, tak, tak. Alimkabili shemeji koridoni.

"Baba, mrudishie mtoto wa watu jina lake. Faili likikaa si mahali pake, mimi sipumziki mpaka lirudi."

"Bibi, pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Haya," alisema, akaenda zake. Wiki mbili baadaye moyo ukamsimama. Tukamzika.

Ofisini kwetu utaratibu ni mmoja: mtu akiondoka au akifa, akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo. Shemeji hakuifunga ya Bibi. Aliigeuza stoo ya uchafu wake, humo akaficha barua na picha alizowaibia watu. "Nani atamshitaki marehemu?" aliniambia huku anachokonoa meno. Akili zake hizo. Kompyuta yenyewe aliichomoa nyaya, akaiacha juu ya meza ya masjala, akafunga mlango.

Mwezi haukuisha. Saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wamejaa ofisini, akaja mapokezi uso umemsawijika.

"Shemeji, njoo uone."

Kwenye kioo chake kulikuwa na orodha ya watu walioingia kwenye kompyuta zao. Mstari wa mwisho ulikuwa jina la Bibi Masjala. Yuko ndani. Kompyuta ya masjala.

"Si wewe unayeitumia akaunti yake?" nikamuuliza.

"Leo sijaigusa."

Akamtoa. Jina likarudi. Akaifunga akaunti kabisa. Jina likarudi, na safari hii mbele yake kuna neno jipya: msimamizi. Halafu akaunti yake mwenyewe ikamtupa nje. Akaandika neno lake la siri. Likakataliwa. Akaandika tena. Likakataliwa.

Tukaenda masjala. Nyaya zilikuwa sakafuni, zimeviringishwa vilevile. Vumbi limetanda kwenye kioo. Nikagusa vitufe. Vilikuwa vya moto kidogo, joto la vidole vya mtu.

"Kakiri kwa meneja," nikamnong'oneza. "Mrudishie yule binti jina lake, yaishe."

"Nikiri mimi? Nichekwe na makarani?" Hata hofu haikumpunguzia majivuno. "Naing'oa diski, kwisha habari yake." Akachukua bisibisi, akanisukuma nje, akajifungia.

Nikabaki koridoni. Nikasikia skrubu ya kwanza ikianguka. Ya pili. Kimya.

Kisha mtu akaanza kuchapa. Haraka haraka. Tak. Tak. Tak.

Shemeji hakuvaa pete maisha yake yote.

"Bibi," nikamsikia, sauti ndogo kabisa. "Bibi, nisamehe." Kuchapa hakukusimama.

Mlinzi alipovunja mlango hakukuwa na mtu. Chumba kile hakina dirisha. Bisibisi ilikuwa mezani, imelazwa sambamba na rula, vile marehemu alivyopenda kupanga vitu vyake. Dakika hiyohiyo kila kompyuta ya ofisi ilipokea barua kutoka kwenye akaunti ya shemeji: yote aliyoyafanya, kwa tarehe na saa, na mwisho wake, "Nakala: Jalada." Binti alirudishwa kazini. Hanisalimii, na ana haki.

Dada yangu bado anampakulia mumewe chakula kila jioni, anakifunika. Sijamwambia kinachoendelea. Meneja aliamua maombi ya kufunguliwa akaunti yapitie kwangu, na kila siku saa nne linaingia ombi moja, kwa jina la shemeji, kutoka kompyuta ya masjala: "Nimesahau neno la siri. Naomba nifunguliwe." Chini yake kuna Ndiyo na Hapana. Mimi nabonyeza Hapana, nakunywa chai yangu. Akae humohumo, alizoea kukaa kwenye mambo ya watu.

Jana nilikuwa kwa daktari wa meno tangu saa tatu. Niliporudi, shavu limekufa ganzi, nikamkuta fundi mpya wa kompyuta ananisubiri na karatasi mkononi. Ombi lilikuwa limekubaliwa saa nne kamili. Mlango wa masjala, tuliokuwa tumeupigilia misumari, ulikuwa wazi, na misumari yote imepangwa sakafuni mstari mmoja. Aliyebonyeza Ndiyo, kwa akaunti yake na neno lake la siri, ni mimi.

"Si mimi," nikamwambia. "Haki ya Mungu, si mimi."

Fundi akatazama kucha zake.