Daftari la Kibandani

Kila Jumamosi Ngaire na binamu yake Tamati walipanda milimani na Shangazi Huia kukagua mitego ya vicheche, wale wezi wa mayai waliokuwa wakiwamaliza ndege wa msituni. Walikunywa chai kibandani, wakala viazi vitamu baridi, kisha kila mmoja akaandika kwenye daftari la mezani atapita njia gani na atarudi saa ngapi. Usipoandika, shangazi hakuruhusu uende hata kuchota maji.

Jumamosi moja Ngaire alipewa mitego sita ya mgongo wa mlima, aikague na kuitia mayai mapya ya chambo kama kila wiki, peke yake. Alikuwa ameiomba zamu hiyo tangu Krismasi, tena kwa mbwembwe. Akaandika kwa herufi kubwa: MGONGONI. KURUDI SAA NANE.

Ukweli ni kwamba aliuogopa ule mgongo. Kule ukungu haukauki, na ukimya wake ulimfanya ahisi anatazamwa kisogoni. Alipofika njia panda alishika njia ya mtoni. Angesema mitego ilikuwa mitupu. Nani angeuliza?

Mtoni palikuwa pazuri. Jua lilipenya, maji yakapiga kelele, naye akaimba, mpaka jiwe lilipoteleza na mguu ukateguka.

Alijaribu kusimama, akakaa. Hakutishika sana, ikipita saa nane shangazi angekuja kumtafuta. Ndipo alipokumbuka shangazi angekwenda kumtafuta wapi. Mto uliokuwa ukimwimbia sasa ulimeza kila kelele aliyopiga. Miti haikusogea, lakini aliiona imesogea. Hakuna aliyejua alipo, na hilo peke yake lilitosha kuufanya msitu uwe mkubwa maradufu.

Karibu saa kumi Tamati alichomoza kwenye vichaka.

"Bibi wa mgongoni," akasema, "huku umekuja kuvua samaki?"

"Umejuaje niko huku?"

Tamati akajikuna shingo. "Wiki iliyopita zamu ilikuwa yangu. Unadhani mimi nilipita wapi?"

Alimbeba mgongoni hadi kibandani, akilalamika njia nzima kuhusu uzito wake. Shangazi alirudi baada yao, amelowa chepechepe, sauti imemkauka kwa kumwita Ngaire mlimani saa mbili nzima. Hakugomba. Alimfunga mguu, kisha akaweka mezani yai la chambo alilolitoa kwenye mtego wa kule mgongoni. Lilinuka.

"Kule hata mimi naogopa," alisema. "Mwaka wa ishirini huu, na bado nageuka kutazama nyuma. Kuogopa si kosa. Kosa ni kunituma nikutafute mahali ambapo hupo. Msitu hautupendi wala hautuchukii. Tunatulia humu kwa sababu kuna mtu anajua tulipo. Ukidanganya kwenye daftari hili, umeshapotea kabla hujatoka mlangoni."

Ngaire alivuta kalamu, akakata mstari wake, akaandika chini yake: Nilipita mtoni. Niliogopa.

"Na wewe Tamati, unayechochea moto ambao umeshawaka," shangazi akasema bila kugeuka, "hili yai ni la wiki mbili. Fungua ukurasa wako wa wiki iliyopita."

Mguu ulipopona walipanda mgongoni wote watatu. Daftarini Ngaire aliandika: Mgongoni. Watu watatu, waoga watatu. Kurudi saa nane.

Walirudi saa nane kasorobo.