Saa ya Babu Kwenye Simu ya Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Fausta alimsomea babu yake saa kwenye simu ya shangazi. Mzee Gidahosh alijua tarakimu zote, lakini simu ile ilimuudhi. "Mimi naona jua la saa moja, yenyewe inasema saba. Simu gani hii!"

Jumatatu moja Fausta alimhurumia. Alijua shangazi Getruda amemkataza kugusa mipangilio ya simu, lakini akairudisha saa nyuma kwa saa sita. Simu ikaonyesha moja. Babu akacheka kwa furaha.

Saa nne Fausta na shangazi walikuwa ofisini kwa Mwalimu Benedict, hapo kijijini Dirma. Fausta alikuwa amepata nafasi katika sekondari ya bweni huko Mbulu, na mzazi au mlezi alitakiwa kuithibitisha kwenye tovuti ya shule kabla ya saa sita mchana. Ikipita hapo, nafasi atapewa mwingine.

Tovuti ikakataa. "Muunganisho wako si salama," simu ya shangazi iliandika. Mwalimu akajaribu kivinjari kingine, yaani programu nyingine ya kufungulia tovuti. Maneno ni yale yale.

"Si ubonyeze hapo penye 'endelea'?" shangazi aliuliza.

"Hapana, dada. Tovuti ina cheti kinachothibitisha kwamba ni yenyewe. Simu ikikikataa, tusiandike namba yako ya siri humo. Kuna mtu ameichezea hii simu?"

"Hapana, mwalimu," Fausta akawahi kujibu.

Mwalimu akachukua simu yake ndogo ya vitufe, akampigia fundi wa tovuti ya shule, akaweka spika.

"Cheti ni kipya, kimeanza kazi leo saa mbili asubuhi," alisema fundi. "Simu yenu ina saa sahihi?"

Shangazi akatupa jicho: 4:30. "Saa nne na nusu. Iko sawa kabisa."

Mwalimu naye akaafiki. Fausta peke yake ndiye aliyejua kwamba kwa simu ile, inayohesabu saa kuanzia usiku wa manane, 4:30 bado ilikuwa alfajiri, na cheti kilikuwa hakijaanza. Nje mvua ilipiga bati, mlango umefungwa, naye amebanwa kati ya kabati na kiti cha shangazi. Akisema, ataonekana mwongo. Akinyamaza, nafasi ya shule inapotea. Ikafika saa tano na nusu.

"Basi, turudi nyumbani," shangazi alisema kwa unyonge, akainuka.

"Shangazi, nisamehe!" Fausta alilia. "Ni mimi niliyerudisha saa, ili babu aweze kusoma. Halafu nikadanganya."

Mwalimu akairekebisha saa. Ikasoma 11:34, na ukurasa ukafunguka. Dakika kumi baadaye nafasi ilikuwa imethibitishwa.

Shangazi akamgeukia Fausta. "Kwa kugusa simu ningekugombeza leo, kesho nikasahau. Lakini umekaa hapa saa nzima unatutazama tukihangaika, na dawa unayo mdomoni. Kosa likishatokea, liseme mapema, wakati bado linatengenezeka."

Jioni babu aliitazama simu, akakunja uso. "Imeanza tena uongo wake."

"Hapana, babu," Fausta alisema, akaketi karibu naye. "Yenyewe haikudanganya. Nilidanganya mimi. Njoo nikufundishe kutoa sita."