Taa za Bernadette

Kila siku akitoka shule, Zélie alipitia gatini kumpelekea baba yake chai, kisha akabaki kumsaidia kwenye mashua yao, Bernadette. Kumshikia ngazi, kumpa bisibisi, kukunja kamba za mitego: kazi hizo zilikuwa zake tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumnyang'anya.

Halafu akaja Odile. Alikuwa binamu yake, amemzidi umri kidogo, na mama yake alikuwa amepata kazi katika mji wa mbali wa Halifax, hivyo Odile akaachwa akae kwao. Odile alijua mambo ya umeme, naye Baba hakuchoka kumsifu. "Muulizeni Odile." "Odile atatengeneza." Odile, Odile, Odile! Kila jina hilo lilipotajwa mezani, roho ilimuuma Zélie hata pai ya viazi ikakosa ladha.

Jumamosi kabla ya msimu wa kambakoche kufunguliwa, Baba alileta balbu mpya za LED za taa za ubavuni, zile zinazowaonyesha wengine mashua iko wapi gizani, maana zile za zamani zilikula betri na kuungua ovyo. Zélie akakimbilia ngazi.

"Leo mwachie Odile, mwanangu," Baba alisema. "Wewe mshikie ngazi."

Amshikie Odile ngazi! Aliishika, mdomo ameuvuta.

"Mbona umenuna?" Odile alimtania kutoka juu. "Nimekanyaga mkia wako?"

"Fanya kazi yako, fundi mkuu."

Odile akacheka. "Basi sikiliza ujifunze. Balbu za zamani zilikuwa nyeupe, rangi ilitoka kwenye kioo. Hizi zina rangi zenyewe. Nyekundu iingie kioo chekundu, kushoto. Ya kijani kioo cha kijani, kulia. Ukizikosea, kioo kinazuia mwanga wote. Giza tupu."

Walipowasha, taa ziling'aa hadi ng'ambo ya bandari. Baba akampiga Odile begani. "Hii ndiyo kazi!" Zélie hakuambiwa hata asante ya kushika ngazi.

Jioni, Odile akiwa jikoni na Bibi, Zélie alirudi gatini peke yake, akapanda, akazibadilisha balbu zile mbili: nyekundu kwenye kioo cha kijani, ya kijani kwenye kioo chekundu. Kesho Baba angewasha, angeona giza, angemfokea Odile na kumwita yeye. Basi, hakuwaza zaidi ya hapo. Wivu bwana, humwonyesha mtu hatua moja tu.

Lakini Jumapili Baba hakuwasha kitu. Kutwa nzima walipakia mitego hadi ikawa kama ukuta kwenye sehemu ya nyuma ya mashua.

"Baba, hutazijaribu taa?" Zélie aliuliza.

"Za nini? Si Odile ameshazijaribu? Kazi ya Odile nina imani nayo."

Maneno hayo yalimchoma upya. Alikuwa karibu kusema ukweli, akaumeza.

Jumatatu, siku ya kufungua msimu, kabla hakujapambazuka, kijiji kizima kilijaa gatini kama kila mwaka. Padri alibariki mashua. Injini zilinguruma. Ishara ikitolewa, wote wangeondoka kwa pamoja, wakikimbilia sehemu nzuri za kutega. Ukungu ulikuwa mzito. Kila mashua ilionyesha nyekundu na kijani. Baba naye aliwasha, lakini taa zake za ubavuni zilikuwa pande mbili za paa, juu ya kichwa chake, hakuweza kuziona kutoka kwenye usukani. Mbavu za Bernadette zilikuwa giza.

Odile alimshika Zélie mkono. "Taa zangu! Nimekosea wapi? Watamgonga Mjomba!" Akaanza kulia.

Zélie alikuwa ameyataka sana machozi hayo ya Odile. Sasa aliyatazama akaona yanamtisha. Alikimbia hadi ukingoni mwa gati.

"Baba! Usiondoke! Taa za ubavuni hazionekani! Ni mimi niliyezibadilisha! Siyo Odile, ni mimi!"

Watu wakageuka. Baba akazima injini. Ishara ikatolewa, mashua nyingine zote zikang'oka. Bernadette ilibaki peke yake, na mabaharia wa Baba wakaguna kwa hasira.

Baba akampa Zélie bisibisi. "Zirudishe kama ulivyozikuta."

Alipanda, akaanza kufungua vioo. Alipotazama chini, aliyeshika ngazi alikuwa Odile, macho bado mekundu.

"Kwa nini?" Baba aliuliza taa zilipowaka.

"Ulimpa kazi yangu."

Baba akapokea bisibisi. "Ilinipasa nikuambie asante ya ngazi. Hilo ni kosa langu. Lakini sikiliza, Zélie. Wivu humpata kila mtu, hata mimi nikiona injini mpya ya jirani. Ukikubana, njoo uniambie. Lia, nuna, piga teke ndoo. Ila usiharibu kazi ya mtu ili wewe uonekane. Ulitaka kumwaibisha Odile, na aliyekuwa anakwenda kufa ni baba yako."

Zélie alilia kwa sauti. Kisha akamgeukia Odile. "Nisamehe."

"Nimekasirika sana," Odile alisema. "Lakini nimesikia ulivyopiga kelele mbele ya wote."

Bernadette iliondoka ya mwisho. Wasichana wawili walisimama kwenye baridi wakiitazama, hadi ukungu ulipoimeza mashua na ikabaki taa peke yake.

"Bado unaiona?" Odile aliuliza.

"Bado naiona," Zélie alijibu, wala hakupepesa jicho.