Makabidhiano ya Wodi ya Tisa

Jua lilikuwa linazama fundi alipoteremka kwenye chumba cha mitambo cha hospitali. Kazi yenyewe ndogo, ya nusu saa. Akimaliza apande juu kwa mama yake, wodi ya tatu, kitanda cha nne, ambaye leo ilikuwa siku yake ya sita akipumua kwa msaada wa mashine.

Mashine za hospitali ile ziliandika taarifa zake kila moja kwa namna yake. Programu kuukuu ilizibeba taarifa hizo na kuzibwaga mahali pamoja, na kuzisoma kulitaka moyo. Fundi alitakiwa kuiunganisha programu hiyo na mfumo mpya wa wazi, ambao kila taarifa sharti iseme imetoka wapi, saa ngapi, na anayeipokea ni nani.

Penye mpokeaji palikuwa na jina la Kipara, fundi aliyemtangulia. Kipara alifariki ghafla miaka miwili nyuma, hakumkabidhi mtu kazi. Fundi akalifuta lile jina, akaandika lake. La kujaribia tu, kama mafundi wote wafanyavyo.

Taarifa zikamiminika kwenye skrini, safi kabisa. Pampu ya maji, sawa. Friji ya damu, sawa. Mama, pumzi kumi na nane kwa dakika. Fundi akajipongeza kimoyomoyo.

Halafu ukaingia mstari mwingine.

*Kutoka wodi ya tisa. Kitanda cha pili, wodi ya tatu: pumzi zimekoma saa 12:41. Unapokea au unakataa?*

Hospitali ilikuwa na wodi nane. Na saa ya ukutani ilisema 12:36.

Fundi akaguna. Saa za mashine hupishana, hilo si jambo geni. Akazikagua moja moja. Zote zilikuwa sawa hadi sekunde. Chumba kikaanza kunuka... kama maua yaliyosahauliwa kwenye maji.

Ilipotimia 12:41, mwanamke akaangua kilio huko juu.

*Mpokeaji amekaa kimya. Imepokelewa.*

Na chini yake:

*Kitanda cha nne, wodi ya tatu: pumzi zimekoma saa 12:58. Unapokea au unakataa?*

Akampigia nesi wa zamu.

"Nesi... mama yangu?"

"Amelala vizuri tu, dada. Mbona unanong'ona?"

Hakujua kwa nini ananong'ona. Akakata simu, akachomoa waya wa mtandao. Mstari haukuondoka. Akachomoa na wa pili, na wa tatu. Swali likabaki pale pale, likimetameta.

Saa 12:57.

Akaandika: *Nakataa.*

*Imekataliwa. Imehamishiwa kitanda cha tano.*

Wa kitanda cha tano alimfahamu. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuwa akimchekesha mama yake kila asubuhi, na kesho alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani. Fundi akaandika tena *Nakataa*, mara mbili, mara tatu. Safari hii hakuulizwa kitu. Akatoka mbio, akapanda ngazi mbili mbili.

Alikuta nesi anavuta pazia kuzunguka kitanda cha tano, machozi yanamlengalenga. Mama alikuwa macho, barakoa ya hewa ameisogeza pembeni, uso mkunjufu kama wa mtu mzima wa afya. Fundi akaushika mkono wake na kulia, kwa furaha na kwa aibu ya furaha hiyo.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "mpe mwenzako kiti. Amesimama muda mrefu."

Fundi akageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ile harufu ya maua.

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Huyu mwenye kipara. Anasema amekuja kukukabidhi kazi." Mama akatega sikio kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Anasema hata yeye aliumia sana mwanzoni. Utazoea."

Simu ya fundi ikatetemeka mfukoni.