Mkebe wa Unga wa Mbao

Fundi seremala na mkewe walifanya kazi chumba kimoja. Fundi alipiga randa karibu na mlango, mkewe alishona nguo dirishani. Ukutani kulikuwa na mkebe wa unga wa mbao. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yao. Mtu akijikata, jeraha lilipakwa unga huo na kufungwa, kisha kitambaa kilifunuliwa mara kwa mara kuona kama damu imekoma. Fundi na mdogo wake walifundishwa hivyo na baba yao. Baba mwenyewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia kwa jeraha la shoka, wanawe wakimhangaikia vivyo hivyo.

Hospitali ilikuwa mbali. Mhudumu wa afya wa mtaa alipoitisha mafunzo ya huduma ya kwanza, mke alikwenda. Fundi alimtania kuwa sasa amepata daktari wa bure.

Alasiri moja patasi iliteleza, ikamchana fundi chini ya kiwiko. Damu ilimwagika. Mdogo wake, aliyekuwa akimsaidia kazi, akakimbilia mkebe.

“Acha huo unga, shemeji, unachafua jeraha,” mke alisema. “Mpigie mhudumu. Mwambie aite gari la wagonjwa.”

Alimlaza mumewe, akauinua mkono, akalikandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Kitambaa kililowa. Hakukitoa, aliongeza kingine juu yake na kuzidi kukandamiza. Aliogopa mno.

“Fungua kidogo tuone,” fundi alisema kwa sauti ndogo.

“Sifungui. Damu inaanza kuganda. Nikifungua, nitaibandua.”

“Kidogo tu, mama watoto.”

“Nikasirikie ukitaka. Sifungui.”

Mhudumu alipofika alifunga bendeji juu ya vitambaa vilevile, gari likaja, na hospitalini fundi akashonwa.

Siku mhudumu alipokuja kumjulia hali, fundi alimuuliza, “Na baba? Kama tusingekuwa tunamfungua kitambaa kila mara?”

Mhudumu hakumficha. Alisema huenda mzee angepona, ila wao walifanya walichokijua, na walikifanya kwa mapenzi. Mdogo mtu alilia. Fundi aliinuka, akaumwaga ule unga nje kwa mkono wake usio na jeraha. Mkewe aliuosha mkebe, akaujaza vitambaa safi.

Kwenye mafunzo yaliyofuata, ndugu hao wawili walikaa mbele. Mhudumu aliuliza, kitambaa kikilowa damu, tufanye nini?

Fundi alijibu kabla ya wote.

“Tunaongeza kingine. Hatufungui.”