Wakili na Mjane Asiyesema

Kipindi cha Fasihi katika kidato cha mwisho kilianza kila asubuhi kwa kelele za madawati. Wanafunzi waliyasukuma hadi ukutani, wakapanga viti duara, kisha wakafungua tamthilia yao na kugawana wahusika. Kila mmoja alisoma maneno ya mhusika wake kwa sauti, na mwenye maneno machache alisinzia akingoja zamu yake. Tamthilia hiyo ilihusu mjane ambaye shemeji zake walitaka kumnyang'anya nyumba. Katika onyesho la tatu, wazee wa ukoo wanapokutana sebuleni kwake kuamua, mjane hasemi hata neno moja. Kwa hiyo siku ya onyesho hilo, aliyepewa sehemu ya mjane alikuwa kama amepewa likizo.

Mwalimu wao alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani mizito. Wanafunzi walimbandika jina la Ushahidi, kwa sababu ukiandika jambo lolote kuhusu kitabu alikuuliza ushahidi uko wapi. Jina hilo alilijua fika, ila alijifanya hana habari.

Mwanafunzi wake bora alikuwa binti aliyeitwa Wakili, na jina hilo hakupewa bure. Angeweza kubishana na kengele ya shule, kengele ikanyamaza kwanza. Wiki hiyo alikuwa ameandika insha kueleza kwamba mjane yule ni mwoga, kwani anakaa kimya wakati nyumba yake inagawanywa mbele ya macho yake. Sentensi zilitiririka vizuri, methali zikakaa mahali pake. Mwalimu alimpa alama za juu kuliko wote, akamchagua aisome mbele ya wazazi siku ya Ijumaa. Kijana aliyekuwa katibu wa darasa, mpinzani wake wa siku zote, alishika nafasi ya pili.

Wakili alitembea siku hiyo kichwa juu. Mama yake, muuguzi wa hospitali, hakuwahi kuhudhuria siku ya wazazi kwa sababu ya kazi. Safari hii alibadilishana zamu na mwenzake ili aje kumsikia mwanawe.

Jumatano jioni Wakili alimsomea mama insha yake jikoni, mama akimenya viazi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamsifu, kisha akauliza kama kweli yule mjane alikaa tu kama gogo.

"Hebu nisomee hapo penyewe," akasema.

Wakili alifungua onyesho la tatu. Kwa kuwa alikuwa peke yake, alisoma sehemu zote, pamoja na yale maelezo ya herufi ndogo za mlazo yanayosema wahusika wanafanya nini jukwaani. Darasani hakuna aliyewahi kuyasoma, maana hayakuwa ya mhusika yeyote. Maelezo yalisema mjane anainuka, anachukua kiti kimoja na kukitoa nje. Chini kidogo, wazee wakiendelea kujadiliana, anarudi kuchukua kingine. Akaendelea hivyo hivyo, kimya kimya, kila mzee alipoinuka kutoa hoja, mpaka kikao kikamalizikia wote wamesimama, na mkubwa wao ameegemea ukuta.

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Na huyo ndiye mwoga wenu?"

Wakili hakucheka. Uso ulimwaka kwa aibu. Alikuwa amemhukumu mtu bila kumtazama.

"Mwalimu ameliona hilo?" mama akauliza.

"Hajaliona. Hakuna aliyeliona."

"Haya," mama akasema, akarudia viazi vyake. Wakili alitamani aambiwe la kufanya, lakini mama aliendelea kumenya. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Alama zilikwishatolewa, na wazazi wangepiga makofi bila kujua lolote. Akisema, huenda nafasi ingemwendea Katibu, na mama angekuwa amebadilishana zamu ili kumsikiliza mtoto wa mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni mwa ofisi ya walimu kabla ya kengele. Alisalimia, kisha akasema, "Mwalimu, insha yangu haifai kusomwa."

"Imeugua?"

Wakili alimwonyesha ukurasa. Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. 

"Maneno matamu humtoa nyoka pangoni," akasema mwishowe. "Mimi ninayewasumbua kila siku na ushahidi, umenitoa kwa lugha tu, sikufungua kitabu. Unajua unaweza kupoteza nafasi?"

"Najua, mwalimu. Lakini nikiisoma hivi ilivyo, nitakuwa nimemsingizia."

Darasani mwalimu alieleza yote bila kujificha, akaamuru onyesho la tatu lisomwe upya, na safari hii mwanafunzi mmoja asome yale maelezo. Kiti cha tatu kilipotolewa nje, darasa zima lilikuwa linacheka. Mwalimu akamwambia Katibu ajiandae kusoma yake. Katibu alikuna kichwa. Alisema yake iko tayari, lakini nayo ilimwita mjane mwoga, na kusema kweli angependa kusikia Wakili atasema nini sasa. Basi mwalimu akampa Wakili mpaka jioni aandike upya, kila hoja na ukurasa wake.

Mchana kutwa Wakili aliandika maktabani. Aliufuta utangulizi wake mzuri, na ulimuuma kweli, kisha akafuta methali mbili zilizokuwa pambo tupu. Insha mpya ilitoka fupi kuliko ya kwanza. Mwalimu aliipitia akiuliza ushahidi kila mstari, na kila mstari ulikuwa nao.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wakili alipanda jukwaani. "Wiki hii niliandika kwamba mjane wa tamthilia yetu ni mwoga," akaanza. "Nilipewa alama za juu, na nilikuwa nimekosea."

Wazazi walitazamana. Kisha akawaeleza kiti baada ya kiti jinsi mtu anavyoweza kukataa bila kufungua mdomo, na ukumbi ukamfuata, ukacheka naye, mwisho ukasimama kumpigia makofi. Katibu alipiga mpaka viganja vikamwasha.

Mwalimu alisimama kando yake. "Watoto wangu," akasema, "kuandika vizuri si kupanga maneno mazuri tu. Ni kuhakikisha kwanza kwamba unachosema ni kweli, na ukigundua si kweli, kukirekebisha wewe mwenyewe kabla hujalazimishwa. Huyu alikwisha kupata sifa zake, akazirudisha kwa hiari. Nimefundisha miaka mingi, na leo najivunia kazi yangu."

Nje ya ukumbi Wakili alimkuta mama akimngoja, macho yamemlowa na wala hayafichi.

"Kazini nimewachosha watu kwa kuwaambia mwanangu anajua kuandika," mama alisema, akamvuta kifuani. "Sasa itabidi nirudi niwaambie anajua na kufuta."